Neno la Maiti Mbishi

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimemnyoa Desi tena. Kila Jumatatu kazi ni hiyo. Kidevu chake kimekuwa kama kiazi kilichosahauliwa kabatini. Nimemwambia hivyo. Akasema mkono wangu unatetemeka kama wa mwizi wa kuku, na nikimkata nitanyongwa. Hapa hawanyongi tena, nikamwambia. Basi kata, akasema.

Alicheka mpaka akakohoa. Akakohoa mpaka nikaweka wembe chini. Mapafu hayo. Pumzi yake inapanda kama mzee kwenye ngazi, kila kidato inapumzika.

Yeye anakaa chini, mimi ghorofa ya pili, jengo moja hapa Walthamstow, London. Mke wake alikufa zamani. Wangu pia. Tumebaki madume mawili tunatukanana kwenye korido. Jirani mmoja aliwahi kumwambia binti yangu Mwajuma aite polisi.

Hawajui utani hawa. Nitawaelezaje? Mimi Mzigua wa Handeni. Yeye mwenyeji wa asili wa Australia, wale waliokuwapo kabla mzungu hajafika na bendera yake. Mizimu ya kwetu na ya kwao haijawahi hata kusalimiana. Lakini tulipatana zamani: yeye mtani wangu, mimi mtani wake. Wa kuzikana.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua. Nilishuka kwa Desi na mihogo niliyonunua sokoni. Migumu kama kuni. Tukala hivyohivyo.

Kwenye televisheni ilikuwa sinema ya zamani. Mara akatokea yeye, kijana, kifua wazi, anawaonyesha wazungu njia porini. Kidogo tu, risasi, chali. Nikampigia makofi. Akasema, nilikufa vizuri pale, angalia mguu.

Sinema zake zote za ujana ni hivyo. Anaonyesha njia, anakufa. Watu hawajamaliza bisi na yeye kashazikwa. Akachoka. Akaamua kuandika mchezo wake mwenyewe. Shule aliionja tu kama mimi, misheni, wakimtandika kwa kusema lugha ya mama yake. Aliandika kwa penseli, herufi kubwa kama za tangazo la dukani.

Katika mchezo ule anaanza akiwa maiti. Nilimuuliza kwa nini. Alisema ukianza umekufa, hawawezi kukuua tena.

Sijawahi kusikia akili kubwa kuliko hiyo, na mimi nimewafungulia mlango maprofesa.

Mchezo wenyewe: jeneza katikati ya jukwaa. Wanakuja kumsifu marehemu wale wale waliomtesa. Polisi, padri, tajiri wake. Kila mmoja akidanganya, maiti anakaa kitako na kumsuta. Anabishana nao mpaka wanaomba radhi au wanakimbia. Aliucheza kwenye kumbi za vijiji huko kwao, halafu miji mikubwa, halafu huku. Alikuja kwa majuma machache. Akampata muuguzi mmoja wa hapahapa, akabaki. Akaandika michezo mingine, ya kuchekesha yote. Lakini watu wakimwona njiani wanamuuliza ule wa jeneza tu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Hakulala vizuri. Nilimkuta kakaa dirishani, kavaa koti lake la kahawia ndani ya nyumba. Ili acheke nikamkumbusha siku tuliyokutana.

Nilikuwa bawabu wa mlango wa waigizaji, ukumbi ule mdogo wa huku mashariki ya London. Anaingia mtu mweusi wa makamo, pua ya mjomba wangu kabisa. Nikasema leo Mungu kaniletea Mswahili. Nikamwamkia, Hujambo, ndugu? Habari za nyumbani? Naye akanijibu! Uso mkavu. Maneno yanamiminika, mikono inapanda na kushuka, simwelewi hata moja. Nikasema huyu atakuwa Mngazija. Nikamuuliza ya Ngazija. Akaendelea, mpaka na kuhuzunika akahuzunika. Nikampa pole ya msiba wake.

Kumbe upuuzi mtupu. Si lugha yake, si ya mtu yeyote. Aliponiambia kwa Kiingereza nikamnyooshea kidole: Mwongo! Mwongo mkubwa wewe!

Akauliza hilo neno ni nini. Nikamfundisha. Akalitia mdomoni, akalitafuna kama mua. Siku ya kufungua mchezo maiti akainuka kwenye jeneza, akamtazama padri, akasema, Mwongo! Ukumbi mzima ukanyamaza, halafu kicheko.

Asubuhi gazeti likaandika kwamba mwigizaji anatamka neno zito la kale la watu wake, neno la jangwani, lisilotafsirika. Desi kwao ni mtoni. Jangwani hajawahi kulala hata siku moja. Tulicheka mpaka nikakosa kumfungulia mtu mlango.

Hatukusahihisha. Mwongo mwongoze. Tumewaongoza mpaka leo. Kuna mwanafunzi aliliandikia kitabu kizima lile neno.

Leo naye alicheka. Lakini kidogo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Filipo amekuja. Yule meneja wa ukumbi, mtu wa skafu ndefu, mikono baridi. Anataka Desi acheze Maiti Mbishi, ule wa jeneza, siku moja tu, ya mwisho. Hakusema ya mwisho. Alisema ya heshima. Ni kitu kilekile.

Desi kakubali kabla chai haijapoa. Alisema kazi yenyewe ni kulala.

Nami nimo. Mimi ndiye mchimba kaburi tangu siku yule mwigizaji wao alipoumwa jino wakanivuta kutoka mlangoni. Nina koleo na sentensi moja: Nifukie sasa? Nimeisema sentensi hiyo mara nyingi kuliko bismillahi, Mungu anisamehe.

Mwajuma kakasirika. Ni keya, kazi yake kutunza wazee majumbani, anawajua wagonjwa. Kasema tunamuua mzee wa watu. Nikamwambia kashazoea.

Haikuwa utani mzuri. Nilijua nilipoufunga mdomo.

Jumanne, 21 Oktoba

Daktari kasema ndege hapana. Mapafu hayatafika. Desi alitaka kwenda kwao akafie mtoni, kwa dada yake. Hataenda.

Tulirudi kwa basi bila kutukanana. Kufika, akataka nikae. Uso haukuwa na mchezo.

Alisema, "Watanisifu. Utawaona. Usiwaache wanizike na uongo."

Nikamwambia kwetu hiyo ni kazi ya mtani. Mtani huvaa nguo ya marehemu, huiga mwendo wake, husema mabaya yake mbele ya jeneza mpaka wafiwa wacheke. Hufanya hivyo wengine wakilia. Nitasimama.

"Hata wakilia?"

"Hasa wakilia."

Halafu akanipa la pili. Kwao mtu akienda, jina lake linalazwa. Hulitaji, huliandiki, mpaka wenyewe waseme limeamka. Na picha yake hufunikwa. Nikamuuliza nitamwitaje basi. Akasema, "Wewe hujawahi kuniita kwa jina zuri hata siku moja."

Nimeahidi yote mawili. Naogopa yote mawili.

Jumamosi, 1 Novemba

Mchezo umechezwa. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wamekaa ngazini.

Niandike kama ilivyokuwa. Polisi alisema yake, Desi akainuka vizuri, akasuta, watu wakavunjika mbavu. Tajiri, hivyohivyo. Akaja padri. Padri kamaliza kudanganya, kasimama anangoja. Maiti kimya. Watu wakaanza kucheka, wakidhani ndiyo ufundi wenyewe. Padri akarudia uongo wake. Kimya. Wakazidi kucheka.

Mimi niko pale na koleo. Nakiona kifua. Hakipandi.

Nilisahau jukwaa. Nilisahau Kiingereza. Niligonga jeneza kwa mpini wa koleo nikasema, "Desi, acha ujinga. Amka." Kwa Kiswahili, mbele ya watu wote. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Sijawahi kuuchukia mlio kama ule.

Kisha mkono ukatoka. Ukashika ukingo. Akajiinua polepole, akamtazama padri, akasema neno lake. Halikuwa na sauti, upepo tu. Ila wote walilisikia, maana walikuwa wamenyamaza.

Nyuma ya pazia nilimtukana kweli, si utani. Akasema alikuwa amelala. Ilikuwa raha mle ndani, kasema, nani kakutuma uniamshe.

Jumapili, 9 Novemba

Hospitali siku ya tatu. Nimemnyoa leo maana kesho sina hakika. Muuguzi kasema si lazima. Nikamwambia wewe fanya ya kwako.

Aliniangalia tu na lile jicho la kushoto linalochokoza. Nilimwambia kidevu chake ni aibu ya taifa. Akapandisha nyusi.

Jumatano, 12 Novemba

Amekufa. Asubuhi.

Kuanzia hapa jina silitaji. Humu nyuma nimeliandika mara nyingi. Sikulifuta, lingekuwa kama kumfukuza. Nimezibana kurasa zile kwa kibanio cha nguo. Lilale.

Alhamisi, 13 Novemba

Sikula. Mwajuma kaleta wali na samaki. Nikampa paka wa jirani.

Jumatatu, 17 Novemba

Mpwa wake kafika kutoka Australia. Kolini, mtoto wa dada yake. Mwanamke mrefu, mpole, macho mekundu kwa safari ya ndege na kilio. Atampeleka nyumbani kwa ndege ileile aliyokatazwa. Mzima hapana, maiti karibu. Angekuwapo angeliandikia mchezo hilo.

Ijumaa watu wa London watamuaga palepale ukumbini. Tulikwenda na Kolini kutazama. Filipo kaweka mlangoni picha ya mtani wangu, kubwa kama ukuta, na jina chini yake kwa herufi za dhahabu. Kolini alisimama. Alivua shali yake akaitupa juu ya picha, ikafunika macho tu, maana picha ni kubwa. Ndipo akamweleza Filipo, taratibu. Filipo wa watu alitaka kulia. Hakujua. Wakaigeuza picha ikatazama ukuta, na karatasi juu ya herufi.

Filipo akasema basi, litabaki lile neno. Kalichongesha kwenye ubao wa kuweka juu ya mlango. Neno takatifu la watu wake. MWONGO. Herufi nzuri sana.

Kolini kalitazama muda. Njiani akaniuliza, "Mjomba alilitoa wapi neno lile? Si letu."

Nikasema tutaongea. Nikakohoa. Nikaonyesha duka la viatu. Miaka yote mdomo haujanikosa, leo kwa huyu mama umenikauka. Kaja mbali kuzika, nimwambie sehemu kubwa ya sifa za mjomba wake ni mchezo wa wazee wawili mlangoni?

Alhamisi, 20 Novemba

Kesho.

Mwajuma kaja kunipigia pasi kanzu. Kajua tu ninachotaka kufanya. Mtoto huyu ana pua. Akasema, "Baba, usituaibishe. Wale hawajui utani. Watasema umechanganyikiwa, na yule mama utamvunja moyo."

Kweli yote. Wazungu wamekuja na maua, mimi nisimame kuiga mwendo wa maiti? Kwetu kuna watani kumi, mmoja akizidisha mwingine anamfunika. Hapa ni mimi peke yangu na magoti mabovu.

Na kama Kolini atalia? Kama atatoka nje? Sina wa kumuuliza. Aliyekuwa wa kuulizwa ndiye yuko ndani ya sanduku.

Nilishuka. Kolini alikuwa anakunja nguo za mjomba wake. Nikamwomba lile koti la kahawia. Hakuuliza la nini. Alilinusa kwanza, kisha akanipa.

Ijumaa, 21 Novemba

Jeneza lilikuwa palepale. Katikati ya jukwaa, chini ya taa ileile. Ila hili la kweli.

Nilikaa mstari wa mbele na koti mapajani. Mwajuma pembeni kanishika mkono, si kwa mapenzi, kwa kunizuia.

Alisema mwigizaji mmoja, vizuri. Alisema mama mmoja wa magazeti, kirefu. Akaja Filipo na skafu nyeusi. Akasema rafiki yetu alikuwa mtu mnyenyekevu. Nikanyamaza. Akasema hakuchelewa mazoezini hata siku moja. Nikaanza kujikuna. Akasema hakuwahi kumsema mtu vibaya.

Nikavaa koti. Mwajuma akaachia mkono, nadhani alikata tamaa. Nikapanda ngazi tatu za jukwaa, na nilipanda kama yeye, kitumbo mbele, miguu nje kama bata aliyekanyaga mwiba, mkono mmoja nyuma unajikuna kiuno. Nikafika kwa Filipo. Nikamtazama kwa jicho la kushoto. Nikasema, "Mwongo!"

Filipo akainamisha kichwa.

Akafumba macho, mkono kifuani. Na watu wote wakasimama. Ukumbi mzima, na makoti yao meusi, wakaitikia kwa sauti ya chini kama kanisani: Mwongo.

Nilisimama pale mdomo wazi. Wameniitikia. Wananipa amina. Nikamgeukia yule wa kwenye sanduku nikasubiri akae kitako. Kweli nilisubiri. Hii ilikuwa yake, hakuna mchekeshaji aliyewahi kupewa kitu kama hiki, na hakuinuka.

Hapo ndipo nilipojua amekufa.

Basi nikasema mwenyewe. Kwa Kiingereza changu cha mlangoni. Kwamba neno hilo si la jangwani wala la mtoni. Ni Kiswahili. Ni langu, nilimpa mimi, siku aliyonidanganya kuwa yeye Mngazija. Maana yake mtu asemaye uongo. Mheshimiwa Filipo, nimekuita mwongo, na wewe umeshukuru. Na ninyi nyote mmesimama mkaitana waongo mbele ya maiti.

Nilisikia taa zinavyonguruma.

Nikaendelea, maana nimeshalowa. Nikasema alichelewa kila siku. Aliiba sukari ya ofisi. Alisema kila mtu vibaya, wewe Filipo, kwa mikono yako hiyo, alikuita baridi ya kukodi. Aliwalilia wafu wake kisirisiri bafuni huku kafungulia maji. Alitaka kufia mtoni akafia hapa, na hilo si la kuchekesha, lakini ndilo la kweli.

Kicheko kikatoka mstari wa mbele. Kicheko chake kabisa, kile cha kuanzia puani. Nikashtuka. Alikuwa Kolini. Anacheka na machozi yanamwagika mpaka kidevuni, anapiga goti kwa mkono. Akasema kwa sauti, "Sukari aliiba hata kwa mama yangu." Ndipo ukumbi ukaachia.

Filipo alicheka wa mwisho. Alicheka sana, maskini. Baridi ya kukodi.

Mimi sikucheka. Nilikalia ngazi ya jukwaa ndani ya koti la mtu nikalia kama mtoto wa chekechea. Mwajuma akaja akakaa nami. Hakusema nimemuaibisha. Alinifuta pua kwa mtandio wake.

Jumapili, 23 Novemba

Kolini kaondoka naye. Wote wawili wameondoka, mmoja juu kwenye kiti, mmoja chini na masanduku.

Filipo aliuliza kama ubao uteremshwe. Kolini akasema hapana, uacheni. Kwa hiyo kila mwigizaji anayeingia mlango ule anapita chini ya neno mwongo. Sijaona mlango ulioandikwa ukweli zaidi.

Kolini kaniachia koti. Mikono mirefu. Linanuka yeye, tumbaku na zeri ya kifua.

Sasa hakuna anayenitukana. Watu wote wananiheshimu. Shikamoo mzee, pole mzee, kaa mzee. Inachosha.

Jumatatu, 8 Desemba

Kolini kapiga simu. Kwao joto, nzi wanasikika mpaka huku.

Wamemzika karibu na mto. Mchungaji wa kule naye alimsifu, kwamba alikuwa mtoto mtulivu na mtiifu. Dada yake yule mkubwa, mama yake Kolini, haoni vizuri tena, kakaa nyuma kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa ameshasimuliwa yote. Alimwacha mchungaji amalize. Kisha akasema, hakupaza sauti, "Mwongo."

Watu walicheka mpaka mchungaji akacheka. Sasa watoto wa mji ule wanaitana hivyo barabarani. Kolini anasema wengine wanadhani ni neno la bibi.

Basi lile gazeti halikudanganya, liliwahi tu. Neno limekuwa la kwao. Kiswahili hakitapungukiwa.

Nilimuuliza jina litaamka lini. Akasema bado, mjomba, atanipigia. Kibanio kiko palepale.

Jumatatu ni siku ya kunyoa. Nilitoa wembe, nikachemsha maji, nikasimama nao jikoni. Halafu nikajinyoa mwenyewe. Nimejikata chini ya sikio.

Hakuna aliyenicheka.